Mikanda ya Umeme kwenye Mapaja ya Dahir

Nyinyi mnaoinua vyuma mkiwa na glavu, simu mmeiegesha kwenye chupa ya maji iwapige picha, wekeni chini kidogo mnisikilize. Mimi ni Shire. Nimefundisha watu kuinua vitu vizito hapa Garissa miaka thelathini na kitu, na sasa nimeacha kwa sababu goti la kushoto limekataa. Sikusoma. Niliingia darasa la pili nikatoka kabla mwaka haujaisha, maana mbuzi walikuwa wengi na mimi nilikuwa mmoja. Lakini jimu niliijenga kwa mikono hii, hakuna aliyenipa hata msumari. Nayasema haya mapema mjue kwamba nina kiburi. Ninachotaka kuwaambia ni habari ya hicho kiburi, na wa kuchekwa ni mimi.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupakia mifugo kwenye malori. Msimamizi wetu aliitwa Mzee Kuno, mtu mwembamba ambaye ukimtazama ungedhani upepo utamchukua. Sisi tulikuwa na vifua, yeye alikuwa na maarifa. Siku ya kwanza nilimwinua kondoo dume kwa mgongo, nikasikia kitu kimekatika kiunoni, na adhuhuri ilipofika nikaingia kwenye swala nikiwa tayari nimerukuu. Kuno alicheka mpaka akakaa chini.

"Waryaa, wewe kijana," akaniambia, "usimwendee mzigo kutoka juu kama mwewe. Shuka chini yake. Kalia visigino. Halafu sukuma ardhi."

Sukuma ardhi. Tangu hapo nimesikia walimu wengi wenye vyeti na fulana za kubana, na sijasikia aliyesema vizuri zaidi. Ukiondoka hapa na neno moja tu, ondoka na hilo.

Jimu yenyewe ilikuwa boma la mabati. Saa nane mchana ungeweza kuoka mkate humo ndani. Chuma chetu cha kwanza kilikuwa ekseli ya lori, na uzani tuliutengeneza kwa saruji ndani ya madebe. Kila debe nililikisia kwa mkono nikaliandika namba. Kuna moja tuliliita ishirini kwa miaka minne, mpaka mchinjaji mmoja akalitundika kwenye mizani yake kwa utani, likasoma thelathini na moja. Fikirieni vijana wangapi waliondoka kwangu wakijiona dhaifu. Mmoja nilimwambia usoni, "Wewe nenda ukauze pipi." Na kweli akaenda. Nikikutana naye naangalia upande mwingine.

Sasa tuje kwenye mashine.

Dada yangu ana binti anaitwa Farhiya. Ananiita abti, mjomba, na mimi namwita abti vilevile, ndivyo tunavyoitana. Farhiya alisomea kazi ya kuwarudishia watu nguvu za viungo baada ya kuvunjika au kupooza. Siku moja alikuja jimu na mfuko mweusi, akatoa kisanduku chenye ukubwa wa redio ndogo, nyaya, na mikanda minne yenye mpira kwa ndani.

"Abti, hii inatuma umeme mdogo kwenye msuli, msuli unajikaza," akasema. "Kliniki tunawafunga wagonjwa. Lakini siku hizi hata vijana wazima wanafungwa huku wanainua vyuma. Akili yako inakaza msuli, na mashine nayo inakaza."

"Kwa hiyo mtu anaweza kulala, mashine ikamfanyia kazi?"

"Hapana, abti. Vyuma kwanza. Hii ni nyongeza."

"Nyongeza kiasi gani?"

"Kwa kijana mzima aliyezoea vyuma, pengine kidogo. Pengine hutaiona kabisa. Nataka tujaribu polepole, tupime."

Mimi nilisikia nyongeza. Mengine yote yaliingia sikio hili yakapitiliza.

Alikuwa anasafiri kwenda Wajir kwa kazi ya mwezi mmoja, kwa hiyo aliniachia karatasi. "Nimekuandikia kila kitu, kwa Kiswahili. Usianze kabla hujasoma."

"Haye," nikasema. Sawa.

Wakati huo nilijua kusoma tarakimu na jina langu, basi. Hakuna aliyejua. Miaka na miaka nilikaa hotelini na gazeti mbele yangu, nikitikisa kichwa kama mtu aliyehuzunishwa na serikali. Watu walikuwa wananiuliza, "Shire, wanasemaje leo?" nami najibu, "Yaleyale." Sijawahi kukosea hata siku moja. Basi ile karatasi niliipigilia ukutani juu ya madebe, nikawatangazia vijana: "Sheria za mashine ziko pale. Mimi nimeshazisoma."

Kisha nikajifunga mikanda mwenyewe, mbele yao wote, niwaonyeshe.

Sisi msuli tunaujua kwa samli. Mtoto akizaliwa anakandwa kwa samli, ngamia akiumia, mzee akikakamaa, dawa ni ileile. Kwa hiyo nilijipaka samli mapaja yote mawili, nzuri, ya kung'aa, nikafunga mikanda juu yake. Nikawasha. Kimya. Nikazungusha kile kidude kutoka moja mpaka tatu, tano, mpaka kumi, mwisho wake. Kimya.

"Imekufa," nikasema. "Farhiya ameletewa takataka."

Kijana mmoja nyuma akasema kwa adabu, akiniita adeer, yaani ami, kama vijana wanavyomwita mkubwa, "Adeer, labda ni mafuta. Umeme haupiti kwenye mafuta. Labda ingekuwa maji."

Nikamwambia anyamaze, halafu nikafanya alichosema. Nilichukua kitambaa na ndoo ya maji ya udhu, nikajifuta samli, nikalowesha ule mpira, nikafunga tena. Kidude nilikiacha pale pale. Kwenye kumi.

Sitawaeleza sana. Nilikuwa nimesimama, kisha nilikuwa nimekaa, na baina ya hayo mawili mguu wangu wa kulia uliipiga ndoo ikavuka mlango na kumlowesha mtu aliyekuwa anapita zake. Nilipiga ukelele ambao vijana waliuiga kwa mwaka mzima. Nilipopata pumzi niliwaambia, "Mmeona? Hiyo ndiyo nguvu inavyoingia."

Hapo ndipo kosa la kweli lilipoanza, si kwenye samli. Mimi nimekulia mahali ambapo dawa isiyouma si dawa. Nilipokuwa mdogo nilichomwa tumboni kwa kijiti cha moto nikiugua manjano, na alama ninayo. Kwa hiyo nilipoumizwa na ile mashine niliiheshimu. Nikasema moyoni, namba ndogo ni za wanawake wa kliniki. Jimu ya Shire itaanzia saba.

Dahir alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, mrefu, anakimbia mpaka mtoni na kurudi bila kuhema, ila miguu ilikuwa ya korongo. Usajili wa askari ulikuwa umebaki wiki moja. Mama yake, Habiba, anauza maziwa ya ngamia sokoni. Kila alfajiri gari linakuja kutoka porini na madumu, na Dahir ndiye aliyekuwa akiyashusha na kuyabeba mpaka kwenye meza ya mama yake kabla ya kuja kwangu. Akipata uaskari, mama ataacha kukaa juani. Hilo ndilo walilokuwa wanalingoja nyumba nzima.

Habiba alimleta mwenyewe. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni.

"Shire, nasikia umeleta umeme."

"Nimeleta."

"Huyu ndiye mikono yangu. Umrudishe mzima."

"Nitakurudishia simba," nikamwambia.

"Simba sina kazi naye. Nataka huyuhuyu."

Siku yenyewe ilikuwa baada ya swala ya alasiri, siku chache baada ya Idi. Dahir alikuwa anafunga zile sita za Shawwal. Sikumuuliza. Mimi mchana nilikuwa nimekula wali na nyama ya mbuzi, nikadhani dunia nzima imekula. Nilimfunga mikanda, miwili mapajani na miwili nyuma, safari hii kwa maji, maana nilikuwa mtaalamu sasa. Nikamwekea ekseli begani.

"Tatu. Unasikia?"

"Nasikia, adeer."

"Tano. Inauma?"

"Kidogo."

"Kidogo si kitu. Saba. Chuchumaa."

Alichuchumaa, akainuka. Misuli ya mapaja ilikuwa inatetemeka kama nyama ya mnyama aliyechinjwa sasa hivi. Jasho lilikuwa linadondoka kwenye pua. Nikaona macho yake yanaenda ukutani, kwenye ile karatasi, yanarudi kwangu, yanaenda tena. Nikafikiri anatafuta moyo wa kuendelea.

"Usiangalie ukuta, niangalie mimi! Tisa!"

Tulikwenda karibu saa nzima. Alipomaliza alitoka akishika ukuta, na mimi nikawaambia wenzake, "Huyu ndiye mwanaume." Kesho yake hakuja. Nikafurahi. Nikasema nguvu inajipanga.

Siku ya pili Habiba alikuja. Safari hii aliingia ndani, katikati ya vijana waliokuwa vifua wazi, na hakumwangalia hata mmoja.

"Waryaa Shire! Kijana wangu hawezi kukunja magoti. Mapaja yamevimba. Na anakojoa chai ya rangi."

"Amechoka tu. Akinywa—"

"Chai ya rangi, Shire! Nimeiona kwa macho yangu. Simama twende."

Hospitali tulimkuta tayari ameshawekewa dripu, ameletwa na majirani. Daktari alikuwa kijana, sauti ndogo, hana haraka. Akatueleza kwamba msuli ukikazwa kupita kiasi unavunjika, unaingia kwenye damu, unakwenda kuziba figo, na mkojo unakuwa mweusi. Mtu akiwa hana maji mwilini ndiyo mbaya zaidi. Akasema figo zikikubali dripu, Dahir atapona. Zisipokubali, ni mashine nyingine kabisa, ya kusafisha damu, na hiyo haina mzaha.

"Nataka kujua alifanya nini," daktari akasema. "Kwa nguvu gani, muda gani. Nani alikuwa anazungusha?"

Dahir akafumbua macho. "Mimi mwenyewe, daktari. Nilizidisha."

Vijana, nitawaambia kitu ambacho sijapenda kukisema. Nilinyamaza. Kulikuwa na mama yake, kulikuwa na wazee wawili wa upande wao wamekaa kwenye benchi, na mimi Shire niliyejenga jimu bila msumari wa mtu nikanyamaza, nikamwacha mgonjwa anibebe. Nikaangalia ile dripu inavyodondoka. Nilihesabu matone. Tarakimu nazijua.

Halafu simu yangu ikalia. Farhiya. Habari zilikuwa zimemfikia Wajir. Nilikuwa sijui kuizima ile sauti kubwa, kwa hiyo chumba kizima kilimsikia.

"Abti, niliandika isipite tatu wiki mbili za kwanza! Dakika kumi! Na mtu asiwe amefunga! Si ulisoma?"

"Nilisoma," nikasema.

Daktari akaniangalia. Habiba naye akaniangalia, na macho yake hayakuwa ya hasira, yalikuwa ya mtu anayengoja. Nikahisi ile samli yote ya maisha yangu inafutwa.

"Sikusoma," nikasema. "Sijui kusoma. Nilizungusha mimi, mpaka tisa, karibu saa nzima. Huyu kijana hakugusa kitu. Wala sikumuuliza kama amefunga."

Daktari aliandika haraka, akamwita muuguzi, wakabadilisha kitu kwenye dripu. Kisha Dahir, bila kuinua kichwa, akasema:

"Mimi niliisoma, adeer."

"Uliisoma nini?"

"Ile karatasi. Siku ya kwanza tu. Imeandikwa tatu."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Wewe ndiye uliyeitundika."

Nimepigwa pembe na fahali, nimeangukiwa na debe la thelathini na moja kwenye kidole, nimepigwa na umeme mbele ya vijana ishirini. Hakuna kilichoniuma kama maneno hayo, na aliyasema kwa heshima.

Figo zilikubali, alhamdulillah. Alilala hospitali siku sita. Siku moja kati ya hizo ndiyo usajili ulifanyika uwanjani karibu na hospitali, na yeye aliusikia kwa masikio, mlio wa filimbi ya wale waliokuwa wanakimbia.

Alipotoka, wazee walikaa. Kwetu mtu akimuumiza mwingine kuna haal, kitu cha kuomba radhi, na mimi nilikuja nimejiandaa, nimeshachagua mnyama mzuri. Habiba akamkataa.

"Daktari amesema Dahir asiinue kitu wiki sita," akasema. "Madumu yangu yatafika mezani kwa miguu gani? Mnyama wake anajua kubeba maziwa?"

Mzee mmoja akacheka. "Mama, unataka nini?"

"Nataka mikono. Aliniharibia mikono, alete mikono."

Kwa hiyo kila alfajiri, wiki sita, mimi na goti langu tulikuwa pale gari linaposimama. Soko la maziwa ni la wanawake. Hakuna mwanaume wa umri wangu anayeonekana pale amebeba dumu, na wao walilijua hilo vizuri kuliko mimi.

"Shire, leo umechajiwa?"

"Mleteeni waya, amezima huyu!"

"Naa Habiba, punda wako anahema!"

"Mwacheni," Habiba anasema, "punda wangu amesoma karatasi."

Wiki ya kwanza nilikuwa nakasirika. Wiki ya pili nilikuwa nacheka nao. Wiki ya tatu nikajiandikisha ngumbaro, darasa la watu wazima, nikakaa kwenye dawati magoti yakigusa kidevu, nyuma ya bibi mmoja aliyenizidi kusoma na kunizidi kunisema. Haya mnayoyasoma nimeyaandika mwenyewe. Mkikuta kosa, nyamazeni tu safari hii.

Mtaniuliza, je, ile mashine inafanya kazi? Farhiya aliporudi tulijaribu kama alivyotaka yeye. Kila kijana, mguu mmoja una mkanda, mguu mwingine hauna, vyuma vilevile, utepe wa fundi cherehani kila wiki. Kuna waliopata kidogo upande wa mkanda. Kuna ambao utepe haukuona tofauti. Waliopata nguvu wote walikuwa wale waliokuja kila siku, wakalala vizuri, wakala. Kwa hiyo nawaambia kwa ufupi: ukiipata mashine, anzia chini mpaka uone aibu. Maji kwenye mpira, si samli. Usiitumie umefunga, wala siku mbili mfululizo. Msuli ukikazwa na umeme hauchoki kama unavyochoka kwa chuma, hauna breki yako ya ndani, kwa hiyo maumivu yanakuja kesho yake, ukiwa umeshamaliza kuharibu. Na anayezungusha kidude awe wewe mwenyewe uliyefungwa, si mzee aliyesimama pembeni amekula wali.

Na la mwisho katika hayo: mkubwa akikosea, mwambieni. Mwiteni adeer kwanza, inamisheni macho mkitaka, lakini mwambieni. Heshima ya Dahir ilitaka kumla figo.

Mwaka uliofuata alikwenda tena kwenye usajili. Alikimbia akaacha kundi lake nyuma kabisa. Wakamfungua mdomo, wakakuta meno mawili hayapo, na jeshi linataka kinywa kamili, wakamrudisha. Wallahi yale meno sikuyagusa. Sasa yuko Ijara, ananunua ng'ombe na kuuza, ana mke, na mapaja yake ukiyaona utadhani ni ya mtu mwingine. Yametokana na chuma, miaka miwili ya chuma.

Lakini mimi nikimkumbuka namkumbuka ile asubuhi wiki sita zilipoisha. Daktari alikuwa ameruhusu mazoezi mepesi. Nilijua atakuja, nikafagia jimu mara mbili. Alikuja, na nyuma yake alikuja Habiba, akasimama mlangoni mikono imefungwa kifuani. Vijana wote wakaacha kuinua.

Nilichukua fimbo ya ufagio nikampa.

"Hii, adeer?"

"Hiyo."

"Hata ekseli tupu hapana?"

"Dahir, mkojo wa leo asubuhi ulikuwa rangi gani?"

Jimu nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliinua kichwa, akajibu kwa sauti, akimwelekea mama yake mlangoni kuliko mimi.

"Kama maji."

Akaweka fimbo begani, akashuka, akakalia visigino, akainuka. Moja. Mbili. Nilihesabu kwa sauti. Kwenye ya sita nikamwambia inatosha.

"Bado naweza, adeer," akasema. "Lakini kama umekosea kuhesabu nitakuambia."

Nilipogeuka kutazama mlangoni, Habiba alikuwa ameshaondoka. Maziwa yake yalikuwa yanamngoja juani, na alimwacha kijana kwangu.